Mistari Juu ya Kidirisha

Binti yangu Wawira hutunza wazee huko Ujerumani, katika mji wa zamani ulio kando ya mto. Walienda pamoja na Kiende, msichana wa Meru. Mimi na Gacheri, mama yake Kiende, tuliwasindikiza hadi uwanja wa ndege.

Mwezi wa tano Wawira akanitumia picha. Amesimama nje ya nyumba anayoishi, na kwenye ukuta wa mawe wamechonga mistari na miaka. 1784. 1845. 1882. Mstari wa juu umempita kichwa.

Nikampigia kuuliza hayo ni mambo gani. Akacheka, akasema hiyo ni historia ya mji, maji yaliwahi kufika pale, na watalii hutoka mbali kuja kuitazama. Nikauliza chumba chake kiko wapi. Akasema ni kile kidirisha kilicho karibu na viatu vyake pichani, chumba kiko chini ya ardhi.

Jamani! Mimi nimezaliwa kando ya mto Rupingazi. Mtu anaandika maji yalipofika, halafu anamlaza mtoto wangu chini yake? Niliogopa. Nikiwa shambani Kibugu nachuma majani chai, mvua ikianza tu, nakiona kile kidirisha. Kila nikimsihi ahame, ananiambia niache uoga.

Mwishowe nikamwambia, "Wawira, ukilala hapo tena, nitavua nguo."

Huku kwetu mama akimvulia mtoto nguo, amemlaani, na hakuna kasisi wa kuiondoa laana hiyo. Mimi ni mama wa kanisa, lakini sikuwa natania. Siku ileile akahamia kwa Mjerumani mwenzake wa kazi, ghorofa ya tatu.

Mwezi wa saba redio ikasema mito ya huko imefurika. Simu ya Wawira haikuingia siku mbili. Sikula. Siku ya tatu akapiga, nami nikapiga magoti palepale katikati ya michai.

Lakini alikuwa analia. Maji yalikuwa yamepita mstari wa juu. Nikamwambia anyamaze, si yuko hai, si nilimwambia?

"Mama, kile chumba alikichukua Kiende. Hakutoka."

Nikauliza kama alimweleza kwa nini alihama. Akasema aliona aibu kutaja mambo ya laana, akamwambia tu kwamba chumba ni kizuri.

Nami sikuwahi kuuliza nani alibaki pale. Sasa ananiomba nimwambie Gacheri. Namba yake ninayo, na tangu asubuhi nimeishika hii simu, siwezi kumpigia.