Kamba za Ligia Kwenye Breki

Serikali yenye haya ingekagua kwanza barabara zake, ndipo igeukie pikipiki za watu. Ya kwetu haina. Barabara ya kupanda Alto Grande huliwa na mvua kila msimu. Meya anapita anaahidi, anayemfuata naye anapita anaahidi, na kinachobaki ni mashimo. Lakini pikipiki ya Mzee Anselmo Cuéllar, hiyo lazima iwe na cheti cha ukaguzi, na cheti kilikuwa kinaisha kesho yake.

Anayelijua daraja la Santa Rita anajua maana yake. Polisi hukaa pale kivulini, na pikipiki isiyo na cheti huipakia kwenye lori wakaipeleka yadi, inyeshewe mpaka mwenyewe akate tamaa. Anselmo alishaziona za wenzake huko, majani yameota katikati ya spoki. Yake ikichukuliwa, na yeye mlimani hakai tena, maana gari la abiria halifiki Alto Grande. Mwanawe alishamtengea kitanda mjini Cali, kwenye ghorofa lenye nondo madirishani, anasubiri tu baba achoke. Mibuni ingebaki kwa magugu, na nyumba aliyoipaka rangi marehemu mkewe, Ligia, kwa mikono yake ingebaki kwa popo.

Na sasa taa nyekundu ya breki, ile ndogo ya pale kwenye usukani, ilikuwa imewaka, haitaki kuzimika.

"Inakukonyeza," alisema Custodio, jirani yake, ambaye kibaraza chake ndicho gereji ya mlima mzima. "Imekupenda, mwenzangu. Mjane kama wewe utapata wapi mwingine wa kukukonyeza?"

"Funga mdomo, fungua skrubu."

"Naanzia wapi?"

"Anzia pale ambapo hujaharibu."

Walianza na oili ya breki. Kikopo chake pale kwenye usukani kilikuwa kimejaa vizuri, hakivuji. Wakabadilisha balbu ya taa ya nyuma, maana kwenye pikipiki hizi za zamani balbu ikiungua, taa nyekundu ya mbele hushtaki. Haikuwa balbu. Wakafuata waya kutoka nyuma mpaka chini ya tangi, wakakuta panya ametafuna kidogo, wakafunga na utepe, wakashangilia mapema. Anselmo akawasha ufunguo. Nyekundu.

"Basi ng'oa balbu ya hiyo taa yenyewe," alisema Custodio, akijifuta mikono kwenye suruali. "Isiyowaka haina kesi."

"Unadhani wao ni wajinga kama walivyotupangia sisi tuwe? Wanawasha ufunguo, wanataka waione ikiwaka kwanza, halafu izimike. Isipowaka kabisa umefeli. Ikibaki imewaka umefeli. Wameziba kila tundu, hao. Mashimo ya barabarani ndiyo yamewashinda."

Custodio alicheka, akanywa maji yake ya sukari guru, akarudi kwenye usukani. Akaibonyeza leva ya breki ya mkono wa kulia, akaiachia. Akaibonyeza tena. Kisha, kama mtu anayetania, akaisukuma kwa kidole gumba kwenda mbele, upande usio wake.

Taa ikazimika.

Akaondoa kidole. Ikawaka.

"Ahaa," alisema. "Leva hairudi mpaka mwisho. Pikipiki inadhani bado umeshika breki." Akainama kuangalia kinachoizuia, na utani ukamtoka usoni. Akasogea pembeni ili Anselmo aone mwenyewe.

Zilikuwa kamba za Ligia.

Kila Julai, sikukuu ya Bikira wa Karmeli, madereva wote wa Santa Rita hushuka na magari na pikipiki zao, maputo na honi, padri apite akinyunyiza maji ya baraka. Kila mmoja hupewa skapulari, vile vitambaa viwili vidogo vya kahawia vyenye kamba. Wengine huitundika kwenye kioo. Ligia alikataa. Aliizungushia kwenye leva ya breki, pale chini inapoungana na usukani, akakaza fundo kwa meno. "Injini itakwenda yenyewe tu," alikuwa akisema. "Breki ndiyo ya kuombewa, na huyu dereva wake." Mwaka uliofuata alifunga nyingine juu ya ile, na uliofuata hivyo hivyo, mpaka kamba zikawa donge moja, zimeshikana kwa vumbi na jasho na mvua kama mizizi. Sasa msimu huu wa mvua donge lilikuwa limevimba, likaingia katikati ya leva na swichi.

"Hazifunguki hizi," alisema Custodio kwa sauti ya chini. Alikuwa amejaribu kwa ncha ya bisibisi, kisha kwa sindano ya kushonea magunia. "Ni kukata, mwenzangu."

"Hakati mtu."

"Tukate ile inayozuia tu."

"Ipi? Nionyeshe ipi inaanzia wapi."

Custodio alikuwa ameshachomoa kisu. Akakirudisha kwenye ala. Naye alikuwa mlimani siku ile, alijua. Ligia alipozidiwa, walilipigia simu gari la wagonjwa la manispaa. Wakajibiwa lipo, ila liko kwenye mkutano wa meya, limefungwa vipaza sauti juu, wasubiri. Anselmo hakusubiri. Alimpandisha mkewe nyuma, akamfunga mgongoni kwake kwa blanketi, akashuka naye mlima, yeye na mkewe na pikipiki. Njia nzima mikono ya Ligia ilikuwa imemkumbatia tumboni. Kwenye daraja la Santa Rita ililegea. Vipaza sauti vya meya vilikuwa vinasikika ng'ambo ya mto, vinaahidi hospitali.

Hakuna aliyefukuzwa kazi. Hata dereva hakufukuzwa. Na sasa watu wale wale walitaka kujua kama breki za Anselmo ni salama.

Basi Custodio akachonga kijiti cha mwanzi, chembamba kama njiti ya kiberiti, akakipachika nyuma ya leva ili kiisukume mbele. Taa ikazimika, ikabaki imezimika. Wazee wawili waliitazama kama watu waliomlaza mtoto mwenye homa.

"Usiishike sana breki ya mbele ukiwa njiani," alisema Custodio.

"Na kule watakapoishika wao?"

"Kule omba. Yeye alikuwa anaombea nini miaka yote?"

Asubuhi Anselmo alishuka polepole, anatumia breki ya mguu peke yake. Kituo cha ukaguzi kiko mwanzo wa mji, jengo jeupe lenye sakafu inayong'aa kuliko sakafu ya zahanati. Alilipa, akatoa ufunguo, na alipotaka kuisukuma mwenyewe ndani, karani akamwonyesha viti.

"Mwenye chombo anasubiri hapa, babu. Ndani ni wakaguzi tu."

"Ni nzee, ina tabia zake. Nataka niwaeleze tu."

"Utaona kila kitu kupitia kioo."

Ndivyo wanavyopenda, uone kila kitu na usiguse kitu. Akasimama kwenye kioo, kofia mkononi. Aliyeichukua pikipiki yake alikuwa msichana mwenye ovaroli ya buluu na nywele zilizofungwa, jina limeshonwa kifuani, Yurani. Akawasha ufunguo. Nyekundu ikawaka, ikazimika. Vizuri. Akapima taa, honi, matairi. Vizuri. Anselmo akajikuta anapumua. Kisha msichana akalipandisha gurudumu la mbele kwenye rola zinazozunguka, akashika breki kwa nguvu zake zote.

Kijiti kiliruka. Hakusikia kikianguka, kioo kilikuwa kinene. Aliona tu msichana akitazama chini, na uso wake ukiwa mwekundu kidogo kwa mwanga wa ile taa.

Yurani alibonyeza leva, akaachia. Akainama. Akalishika donge kwa vidole viwili, akaligeuza, akatabasamu kama mtu aliyepata jibu. Akaenda mezani kwake.

Alirudi na mkasi.

"Hapana," alisema Anselmo. Akagonga kioo. "Binti! Hapana! Acha hivyo! Andika nimefeli!"

"Babu, usigonge kioo," alisema karani.

"Mwambie aache. Mwambie aandike nimefeli, wachukue pikipiki, sitaki cheti chenu!"

"Hakusikii, babu, amevaa vizuia kelele. Kaa chini, presha itapanda."

Akaufuata mlango. Ulikuwa wa kufunguka kwa kadi. Akausukuma kwa bega, ukakaa kimya. Alipolirudia lile dirisha, msichana alikuwa anakata kwa uvumilivu, kipande baada ya kipande, kwa uangalifu asije akakwaruza leva. Akapuliza vumbi. Akabonyeza, akaachia. Taa ikawaka, ikazimika, ikawaka, ikazimika. Aliinua kichwa, akamwona mzee kwenye kioo, akamwonyesha dole gumba.

Alipotoka alikuwa anacheka.

"Nimekuokoa, babu. Sheria inasema nikufelishe, ukatengeneze, urudi tena. Lakini nikasema huyu mzee ametoka mbali, na ni uchafu tu umenasa. Umepita."

Anselmo alifungua mdomo. Matusi yote aliyokuwa amemwekea meya, na dereva, na aliyepokea simu siku ile, yalifika kwenye ulimi. Aliyesimama mbele yake alikuwa msichana mwenye mafuta puani, amefurahi kwa kumtendea mtu wema.

"Umezitupa wapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Zile kamba."

"Kwenye pipa kule ndani, babu. Zilikuwa zimeoza." Kisha akamtazama vizuri, na kicheko kikapungua. "Zilikuwa za nini?"

"Niletee."

Akaenda. Alikaa kidogo, akarudi na kitambaa cha karatasi kiganjani. Pipa lilikuwa la maranda ya kufyonzea oili, na mwenzake alikuwa ameshamimina juu yake mafuta machafu ya mtu mwingine. Alichopata ni vipande vyeusi, vifupi kama kucha, na kile cha kitambaa cha kahawia hakikuonyesha tena Bikira wala chochote. Fundo halikuwepo. Fundo ukishalikata si kitu cha kutafutwa.

"Nisamehe, babu. Sikujua."

"Ungejuaje? Mlikuwa mmenifungia mlango."

Aliweka karatasi mfukoni na vipande ndani yake. Karani akampa cheti, akamwambia asaini, na kwamba kitadumu mwaka mzima. Akasaini jina lake kwa herufi kubwa kama alivyofundishwa utotoni, akasema asante, kwa sababu hawakuacha kumtazama mpaka aseme.

Kwenye daraja polisi aliinua mkono, akakisoma cheti kwa nje na kwa ndani.

"Safi kabisa, mzee wangu. Kila mtu angekuwa kama wewe."

Mbele kidogo, pale ambapo mikono ya Ligia ililegea, mbuzi alikatisha njia na Anselmo akashika breki ya mbele bila kufikiri. Leva ilikuja laini, haikukwama popote. Pikipiki ikasimama pale pale. Taa nyekundu ikawaka. Akaachia vidole, ikazimika, kama walivyotaka.

Mbuzi alishavuka. Yeye akabaki katikati ya daraja, injini inaunguruma, mpaka gari la nyuma likampigia honi.