Meza Iliyosemwa Imekosewa

Merrill Gage aliingia kwa mlango wa karibu wa nyumba kubwa ya Kilima cha Ashby, na mama yake, Orpha, akamrudisha nje. Huo ni mlango wa akina dada, alimwambia. Wa wanaume ni ule wa pili. Merrill, mtu wa miaka arobaini na kitambi chake, akanung'unika kwamba milango yote miwili inatokea ukumbi uleule. Ni kweli, lakini Orpha hakuwa na haja na ukweli wa namna hiyo. Alisimama pale hadi mwanawe alipozunguka.

Washeka wa mwisho wa kilima kile, waumini walioishi pamoja bila ndoa, wanaume upande wao na wanawake upande wao, walikwisha kufa, na nyumba zao sasa zilitunzwa kwa ajili ya wageni. Watu wasiooa wala kuolewa hawana ukoo ila watoto wa wenzao. Orpha alikuwa mmoja wa watoto hao. Baba yake mjane alimleta akiwa na miaka saba, naye akakaa hadi alipoolewa akiwa na ishirini. Marehemu mumewe, mtu mwema ila mdomo haukuwa na breki, alizoea kuwatambia watu kwamba alimwokoa mkewe kutoka kwenye ujakazi wa kupiga pasi na kumenya matofaa. Merrill alikua akiyasikia hayo, akayaamini, akamhurumia mama yake. Huruma hiyo ndiyo iliyomchoma Orpha miaka yote. Yeye hakutumikishwa. Alilelewa, tena akapendwa, na alitaka mwanawe alijue hilo kabla ya siku ya kumzika mama yake.

Siku haikuanza vizuri. Maribeth, msichana aliyewatembeza wageni, aliwapitisha kwenye chumba cha kufulia, na Merrill alipoona pasi ishirini zimepangwa kando ya jiko, alimtazama mama yake kwa jicho la pole. Orpha akamweleza kwamba hata akina dada wazee walipiga pasi, tena wao ndio waliochukua kola, maana kola ni kazi ngumu. Huku kwetu kazi ilikuwa sala, alimwambia.

"Mabwana wote husema hivyo, Mama," Merrill akamjibu.

Orpha akatangulia kuelekea ngazini. Asiyejua maana haambiwi maana.

Ghorofani, kwenye chumba cha kushonea, Maribeth aliwasogeza wageni mbele ya kamba. Nyuma ya kamba palikuwa na meza za kushonea tano. Nne zilikuwa na droo upande wa kulia. Ya tano, fupi, ya kimo cha mtoto, droo zake zilikuwa kushoto, na mbele yake kuliwekwa kibao: Kosa adimu la fundi. Maribeth alisema kwamba wageni huipenda sana ile, kwa sababu inaonyesha hata Washeka waliteleza. Droo yake ya chini, akaongeza, haijawahi kufunguka tangu waikute. Wageni wakacheka.

Orpha alihisi uso unawaka. Aliivuka kamba bila kuomba ruhusa, akapiga magoti mbele ya meza, magoti yakimlalamikia. Mkono wake wa kushoto ukashuka peke yake, bila yeye kuutazama. Akaiinua droo ya chini kidogo, ndipo akaivuta. Ikaja laini. Ndani hamkuwa na kitu.

"Ndugu Elbridge hakukosea," alisema. "Mimi ni mashoto."

Akawaeleza, akiwa bado chini, kwamba shule ya mjini walikuwa wakimfunga mkono wa kushoto kwa utepe, na alifika kilimani kifundo cha mkono kikiwa na alama. Elbridge, seremala mzee asiyeruhusiwa hata kuzungumza na wasichana bila sababu, alikuja kutengeneza bomba la jiko. Alimwona akijipinda mwili mzima kuifikia droo ya kulia. Alichukua futi yake, akapima mkono wa mtoto kuanzia begani hadi vidoleni, akaenda zake. Baada ya wiki tatu meza ilikuwa imesimama dirishani. Ile droo ya chini aliiwekea kizuizi ili isimwangukie miguuni.

Kisha akamgeukia mwanawe. "Nitajie kijakazi mmoja aliyepimwa mkono kwanza, ndipo akachongewa meza."

Merrill aliitazama meza, akautazama mkono ule uliomlisha uji, uliomfunga viatu, uliomchapa alipostahili. Akavuka kamba naye, akamshika mama yake kwapani, akamwinua taratibu.

Maribeth, mashavu mekundu, aliahidi kibao kitaondolewa, akauliza jina la nani liandikwe. Orpha akasema lisiandikwe la mtu. Elbridge hakuwahi kutia jina lake kwenye kazi, wala yeye hataanza kumtilia sasa.

Msichana alipotoka kutafuta bisibisi, kundi jingine likapanda ngazi. Mzee mmoja mwenye kofia ya majani akainama, akakisoma kibao kwa sauti, akacheka kwamba kumbe hata hawa walikuwa wakiboronga.

"Hapana, bwana," Merrill akasema, kwa sauti ya kufika hadi ngazini. "Meza hiyo alichongewa mama yangu. Ndiye huyu." Akasogea pembeni ili wamwone.