Kiti cha Tatu Kutoka Kwenye Kipaza Sauti

…nidhamu, ndivyo atakavyosema, nidhamu na ushirikiano wa wazazi, hakuna mwalimu mkuu aliyewahi kufukuzwa kazi kwa kusema nidhamu, atasimama, atamshukuru mwenyekiti, atasoma kurasa zake tatu na kurudi kukaa, dakika tano tu, mtu mzima na heshima zako utashindwa na dakika tano, ila mbona mdomo umekauka kama aliyekula chaki, na kiti chenyewe hiki cha plastiki kinalia kila akijigeuza, watu watasemaje, tulia wewe, tulia, uko kiti cha tatu, anayezungumza sasa ni mwenye baa, na mwenye baa akishika kipaza sauti haachii leo wala kesho, akimaliza atafuata huyu mama fundi cherehani aliyekaa mbele yako, kisha ndio wewe… mama fundi cherehani, Mungu wangu, kati ya watu wote wa mji huu, huyu ndiye wa kunitangulia kwenye foleni! Akakitazama kisogo cha yule mama, kitambaa kilichofungwa kwa haraka, sindano mbili zimechomekwa begani kwenye gauni, kazini moja kwa moja hadi ukumbini, hakupita hata nyumbani, mtu haji hivyo kama hana neno zito la kusema.

"…mimi simfungi mtu kamba nikamburuta hadi kwangu," mwenye baa alikuwa akisema, "mnasema vijana wanalewa katikati ya mji saa nne asubuhi, haya, wanalewa, nakubali, lakini saa nne asubuhi kijana anatakiwa awe wapi? Niambieni, awe wapi?" na ukumbi ukaangua kicheko, wengine wakapiga makofi, mwalimu mkuu naye akapiga mawili matatu ili asionekane, na macho yake yakarudi tena kwenye lile bango juu ya meza kuu, SHULE ZETU KWENYE ORODHA, na chini yake ULEVI KATIKATI YA MJI, mada mbili kwenye bango moja, nani aliyeziunganisha, kuna mtu anajua au ni kubana matumizi ya kitambaa tu, acha wewe, unajitisha bure, ukiwa na jambo moyoni hata bango linakunyooshea kidole… Shule yake ilikuwa ya arobaini na moja kwenye orodha ya wilaya, mwaka mmoja baadaye ikawa ya tatu, ya tatu! Watu walimpigia vigelegele, ofisa elimu alimshika mkono mbele ya kamera na kumwambia njoo siku moja utufundishe siri, na siku yenyewe ndiyo hii, na siri yenyewe, lo, siri yenyewe haisemeki. Shule inapimwa kwa wale wanaofanya mtihani kwa jina lake, basi. Anayejisajili mwenyewe, mtahiniwa wa kujitegemea, kule kituo cha elimu ya watu wazima nyuma ya posta, huyo akifeli anafeli na lake, shule haimjui. Aliwaita ofisini mmoja mmoja, watoto kumi na moja, akawasemesha kwa upole, ule upole ndio unaomnyima raha sasa, mwanangu, hapa utatuangusha na wewe utaanguka, kule utajisomea kwa nafasi yako, weka sahihi hapa, na wakaweka, mtoto gani atabishana na mwalimu mkuu, na siku ya pili wakakuta majina yao hayamo kwenye daftari la mahudhurio, darasani hawaingii tena.

Kisogo kikageuka. Uso wa fundi cherehani, mpana, umechoka, unatabasamu. "Mwalimu wangu, samahani, sikukuona, za siku nyingi?" Nzuri tu mama, akajibu, na sauti yake ikatoka nyembamba kama ya mwanafunzi aliyechelewa. "Na wewe unasema leo? Afadhali! Nilikuwa naogopa peke yangu," akashusha sauti, akamsogelea hadi akasikia harufu ya mafuta ya cherehani, "nimekuja kwa ajili ya hizo baa, mwalimu, yule wangu yuko huko, anaosha glasi kwa huyu huyu anayesema, anaosha na kumalizia yaliyobaki, anarudi ananuka, msichana wa miaka kumi na tisa." Katibu, si Katibu huyo, shule nzima walimwita Katibu kwa sababu ndiye aliyeandika matangazo ya ubaoni, mwandiko umenyooka utadhani umepigwa rula, mwalimu mkuu akaitikia kwa kichwa, ee, ee mama, pole, sasa atasema, sasa atasema wewe ndiye… "Ila ni kujitakia," mama akasema, "si alikataa mwenyewe kufanya mtihani shuleni! Alinijia akaniambia mama nimeamua kujitegemea. Kiburi tu. Akafeli. Nikamwambia basi usinisemeshe, na tangu matokeo hatusemeshani, miezi minane chini ya paa moja, mwalimu, mimi na mwanangu, tunapishana mlangoni kama wapangaji. Wewe ulihangaika naye, nashukuru, mwenzangu, nashukuru sana."

Anashukuru. Ebo! Angenizaba kibao ingekuwa nafuu. Alimwambia mama yake ameamua mwenyewe, alinificha, au alimficha mama yake, asijue kwamba mwanawe ametupwa kama… kama nini, kama karatasi, ndiyo, kwani haikuwa karatasi? Hata akili ya yule mtoto hakuipima, lilikuwa ni jambo la karatasi, karani alipiga chapa orodha ya mtihani wa majaribio, aliyeongoza juu hadi wa mwisho, kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho yake mabovu, majina hayakuenea ukurasa mmoja, yakabaki kumi na moja ukurasa wa pili, na yeye, mwalimu mkuu, saa moja jioni, amechoka, akasema hawa, akauchukua ule ukurasa wa pili mzima mzima. Katibu alikuwa wa kwanza juu yake. Alama zake sawasawa na za aliyemtangulia, mwisho wa ukurasa wa kwanza, sawasawa! na yule wa ukurasa wa kwanza alifaulu, yuko chuo, na hilo amelijua peke yake miezi yote hii minane na hajamwambia hata mume wake.

"…namalizia, mwenyekiti, namalizia," mwenye baa akasema, na hakumalizia. Mama fundi akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mwalimu, nisaidie kitu. Miwani yangu imevunjika wiki iliyopita, nikisimama pale sitaona hata mstari. Jana nikamsemesha, ilibidi, nikamwambia niandikie ya kusema kuhusu baa, nikamtajia yote, akaandika. Nikiitwa tusimame wote, unisomee wewe, una sauti."

Akaikunjua. Mwandiko ule ule. Hayakuwa yale ya kulalamikia baa. Mama, miwani huna, kwa hiyo atakusomea mtu, na mimi nataka usikie mbele za watu kwa sababu nyumbani sikuweza. Sikuamua mwenyewe. Niliitwa ofisini nikaambiwa nitawaangusha. Niliona haya kukuambia kwamba mwanao ameonekana hafai, nikaona heri uniite mwenye kiburi. Tulikuwa kumi na moja. Watatu tuko baa… Herufi zikaanza kuogelea. Jina lake yeye mwalimu halimo, alilitafuta juu hadi chini, halimo, yule mtoto hakumtaja, na woga wake ukamnong'oneza upesi upesi, basi umepona, mama haoni, simama usome ya baa, kelele, matusi, chupa, unayajua, nani atakayejua? Nani? Mama atashukuru tena. Atarudi nyumbani leo, atapishana na binti yake mlangoni, na binti atasubiri mama aseme kitu, atasubiri amesimama na glasi za watu zimemkausha mikono, na mama hatasema kitu, na yule mtoto atajua kwamba mama amesikia yote na bado hataki kumsemesha. Mungu wangu. Hapo tena hatarudi kwa mama yake.

Ofisa elimu kule meza kuu anampungia mkono na kucheka, mwenye baa bado anamalizia.

"Mwandiko unasomeka, mwalimu?" mama akauliza.

"Unasomeka, mama," akasema, "nitasoma kama alivyoandika, halafu nitawaambia ni nani aliyemwita ofisini."