Neno Alilolibeba Msusi

Mzee Randa alikuwa mgonjwa mgumu kumuuguza. Upande wake wa kushoto ulikuwa umelala na mdomo umekwenda kombo, lakini ulimi, Mungu amsamehe, ulibaki na makali yake yote. Maisha yake yote alikuwa seremala, na jina la Randa alipewa kwa kile chombo cha kulainishia mbao, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akilainisha kitu kingine. Kila adhuhuri ilibidi mtu amwinue, amfungie kitambaa shingoni na kumlisha kwa kijiko. Mkewe alikwisha kufa. Mwanawe wa kiume alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na mke wa huyo mwana alishinda kazini. Randa mwenyewe alikuwa na binti mmoja tu, mtaa wa pili, karibu kiasi kwamba ukiita anasikia. Lakini aliyemlisha hakuwa binti huyo. Alikuwa msusi, rafiki ya binti.

Binti mwenyewe alikuwa fundi cherehani. Yeye na Msusi walikodi chumba kimoja cha kazi, wakakigawa kwa pazia: upande mmoja cherehani, meza ya kukatia na pasi, upande mwingine kioo, kiti na beseni la kuoshea nywele. Nguo za Fundi zilitoka pale zikinukia mafuta ya nywele, na wateja wa Msusi waliondoka na nyuzi zimewaganda makalioni. Walitaniana kwa hilo tangu walipokuwa wasichana wembamba, na sasa walikuwa mama za watu, viuno vimejaa, na bado walitaniana.

Tena walikuwa na desturi yao. Mtu akiwa na hasira na wa nyumbani kwake, hajibebei maneno. Hubebewa na mwenziwe. Siku moja mume wa Msusi alipofunga virago akarudi kwa mama yake, Fundi ndiye aliyekwenda. Yule bwana alimwambia, "Mwambie mdomo wake ni spika ya mnada. Sirudi." Fundi akarudi chumbani, akasema, "Mwenzangu, mumeo amechoka na kelele. Anataka kupumzika kidogo." Msusi akalia, akapoa, akapeleka salamu za upole, na yule bwana akarudi na virago vyake. Mpaka leo wanaishi pamoja na wanagombana kama watu wengine wenye afya. Ukweli ulipokuja kusemwa, miaka baadaye, marafiki wawili walicheka mpaka wakashikilia ukuta. Jambo hilo wakaliita kuyapiga pasi maneno. Walilifanya mara nyingi, kwa mawifi, kwa mama wakwe, kwa watoto waliobalehe na kuota pembe, na kila mara nyumba ya mtu ilipona kidogo.

Lakini ugomvi wa Fundi na baba yake haukuwa wa kupigwa pasi.

Mama yake Fundi alikuwa ameumwa tumbo, na daktari akasema apasuliwe. Mzee Randa akakataa. Alisema mke wake ana kitanda, alikitengeneza yeye kwa mikono yake, na kama ni kufa atafia hapo. Fundi akangoja baba yake aende kazini, akamchukua mama yake, akampeleka kupasuliwa. Mama hakuamka. Siku ya mazishi, udongo ungali mbichi na majirani wote wamesimama, Randa akasema kwa sauti isiyotetemeka hata kidogo, "Mnaulizana kilichomuua? Kilichomuua ni yule pale." Akanyoosha kidole.

Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mfupa. Tangu siku ile Fundi hakukanyaga kwa baba yake. Hakutaka mali wala heshima. Alitaka neno lile litenguliwe basi. "Hata akinong'ona," alikuwa akimwambia Msusi, "hata chumbani, tuwe wawili tu. Lakini alitamke."

Ndipo Randa akaanguka karakanani kwake na kupooza. Habari ilipofika, Fundi alikuwa akishona mkono wa gauni. Akaushona nje ndani, akaufumua, akaushona tena nje ndani. Kisha akainuka, akawasha jiko la nyuma, akaosha mchele, akautwanga nusunusu na kupika uji, wenye chumvi kidogo na ndimu, kama alivyofundishwa na mama yake. Akaumimina kwenye chupa ya chai na kumpakatisha Msusi.

"Mpelekee. Akiuliza, umepika wewe."

"Na akiniuliza habari zako?"

"Hataniulizia."

Hakumuulizia kweli. Randa alionja kijiko cha kwanza, akauliza, "Nani kapika?"

"Mimi, baba."

Yule mzee akamtazama Msusi kwa jicho lake zima, akamtazama mno, mpaka Msusi akajisikia kama ubao unaopimwa. "Una mkono mzuri," akasema, akafungua kinywa. Hakuuliza tena, siku hiyo wala siku nyingine. Alikula akamaliza.

Ikawa ndiyo kazi. Fundi anapika, Msusi anabeba, mzee anakula. Mambo mengine yote aliyakataa: supu ya mkwewe ilimwasha, chai ilikuwa maji ya kuoshea brashi, dawa zilikuwa njama. Uji ule tu aliupokea kwa adabu. Na kila Msusi aliporudi na chupa tupu, mguu wa Fundi ulisimama kwenye pedali.

"Amesema nini?"

"Ameunywa wote."

"Hilo naliona. Amesema nini?"

Hakuwa amesema kitu. Msusi alitafuta cha kupiga pasi akakosa, maana pasi nayo inataka nguo. Siku zikaenda, mzee akipungua kitandani na binti akipungua kwenye cherehani. Hata utani wa nyuzi na nywele ukamshinda Fundi. Alasiri moja Msusi alisikia harufu, akafunua pazia, akamkuta Fundi amesimama na pasi mkononi juu ya blauzi ya mteja, moshi unapanda, na yeye anatazama ukuta.

"Atakufa hajasema," Fundi akasema, huku Msusi akimnyang'anya pasi. "Nitabaki na neno lile mpaka na mimi nizikwe. Watoto wangu wamelisikia, unajua? Walikuwepo. Siku nikiwakemea, wananitazama, na mimi najua wanakumbuka nini."

Msusi alimpenda mwenzake huyu kuliko dada zake wa tumbo moja. Usiku ule hakulala vizuri. Kesho yake, alipokuwa akimfuta Randa kidevu, mzee akasema bila kuulizwa, "Mke wangu alikuwa akipika hivi hivi." Kisha akafumba jicho.

Basi. Hayo tu ndiyo aliyosema.

Msusi aliyabeba maneno yale njiani kama mtu aliyebeba yai. Alipofika, Fundi hakuuliza kitu, alimtazama tu, na mtazamo ule ulikuwa umekonda.

"Leo amemtaja mama yako," Msusi akasema.

Fundi akaacha mkasi. "Akasema nini?"

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa upendo, ambako ndiko kukosea kubaya zaidi, maana mkosaji hajilindi. Akasema, "Amesema hukumuua wewe. Amesema siku ile alikuwa na uchungu, neno likamponyoka."

Maneno hayo hayakupigwa pasi. Yalikuwa kitambaa kipya, kilichokatwa na kushonwa na yeye mwenyewe, na alijua hivyo kabla hajafunga mdomo. Lakini Fundi alikuwa ameshakaa sakafuni katikati ya vipande vya nguo, analia kwa sauti ambayo Msusi hakuisikia hata siku ya mazishi. Ukweli ungepita wapi? Fundi akainuka, akanawa uso kwenye beseni la nywele, akajifunga kitambaa kichwani.

"Twende."

"Amelala saa hizi, mwenzangu. Tungoje kesho."

"Nimengoja vya kutosha. Twende."

Njiani Msusi alijipa moyo. Damu nzito kuliko maji, alijiambia. Mzee akimwona mwanawe kapiga magoti, moyo utalainika, na neno ambalo hakulisema adhuhuri atalisema sasa. Kila mwongo mwenye huruma hufikiri hivyo.

Na kwa kitambo kidogo ilielekea kuwa hivyo. Fundi alipiga magoti kando ya kitanda. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," Randa akasema. Jicho lake likamzunguka binti yake usoni, mabegani, mikononi. Kisha mkono wake wa kulia, ule mzima, ukaanza kutambaa juu ya shuka taratibu kumwelekea. Msusi aliyesimama mlangoni aliuona, na moyo wake ukaomba wote wawili wanyamaze. Wangenyamaza tu.

"Nimelipokea neno lako, baba," Fundi akasema. "Na mimi nimekusamehe."

Mkono ukasimama. "Neno gani?"

"Kwamba sikumuua mama. Kwamba lilikuponyoka."

"Nani kasema?"

Fundi akageuka kumtazama Msusi. Msusi akatazama sakafu. Mzee alijaribu kujiinua akashindwa, na kushindwa kule mbele ya watu kukamwasha kiburi kama kiberiti. Yeye, Randa, ameombewa msamaha kisiri na wanawake ndani ya nyumba yake mwenyewe!

"Mimi sijamtuma mtu," akasema. "Neno langu halijawahi kuniponyoka. Nilichosema, nilikisema."

Fundi aliinuka, akakung'uta magoti yake. Nje, kizingitini, alimwambia Msusi maneno machache tu. "Hata mimi umenishonea."

Akaenda zake.

Kesho yake chumbani pazia lilikuwa limefungwa mpaka mwisho na jiko halikuwashwa. Msusi alingoja. Adhuhuri ilipokaribia akaona tumbo la mgonjwa halina kosa, akatwanga mchele mwenyewe, akatia chumvi, akakamulia ndimu sufuriani, akakoroga mpaka mkono ukauma. Akaenda.

Randa alionja. Akauacha uji utiririke mpaka kidevuni.

"Huu si wake," akasema.

Kijiko kikabaki hewani. "Si wa nani, baba?"

"Usinifanye mjinga. Nilijua tangu siku ya kwanza. Ndimu inatiwa uji ukishaepuliwa, ukiichemsha inakuwa chungu. Mama yake alijua hilo, na yeye anajua. Wengine wote mnachemsha."

"Sasa mbona hukusema, baba? Miaka yote hii, mwanao anataka neno moja tu!"

"Niseme nini?" Sauti yake ilikuwa imekwisha makali. "Alikuwa anapika. Nilikuwa nakula. Mimi nilidhani tumeshapatana." Jicho lake zima likajaa, likamwagika. "Mwambie apike."

"Nimwambie na lile neno?"

Mzee akafumba kinywa, akakifumbua, na Msusi akaona kabisa jinsi neno lilivyofika kooni na kukwama. Ilikuwa kama kumtazama mtu akijaribu kupitisha meza kwenye mlango mwembamba. "Mwambie apike tu," akasema.

Msusi alikimbia barabarani kama mwizi. Alimpita mteja aliyekuwa akimngoja na nywele nusu, akafungua pazia bila hodi, akasema yote kwa pumzi moja: ameukataa uji wangu, anautaka wako, alijua tangu mwanzo, amelia.

Cherehani haikusimama. "Amelia," Fundi akasema. "Kwa jicho gani?"

"Lile zima."

"Unashona vizuri siku hizi. Hata vifungo unaweka."

"Wallahi nakuapia, naapa kwa wanangu—"

"Waache watoto, hawana kosa."

"Basi pika tu! Niite mwongo, nitukane, lakini pika, nimpelekee."

Fundi aliondoa mguu kwenye pedali. Alikuwa mtulivu, na utulivu ule ulitisha kuliko matusi. "Nilipika nikingoja neno la baba yangu, ukaniletea la kwako. Nikapiga magoti kwa neno lako, akanirudishia lile lile la makaburini. Sina magoti mengine. Funga pazia."

Randa hakula tena. Kila adhuhuri Msusi alijaribu. Alitia ndimu baada ya kuepua, alipunguza chumvi, alitwanga mchele upya, lakini mkono wa mtu ni mkono wake. Mzee alinusa kijiko, akageuzia uso ukutani. Mkwewe alidhani ni ugonjwa umefika mwisho wake, daktari naye akasema hivyo, na Msusi hakumbishia mtu. Akafa mchana, akiwa amelala kwenye kitanda alichokitengeneza kwa mikono yake.

Fundi alikuja mazishini. Alisimama nyuma na watoto wake, kavu, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumnyooshea kidole. Baadaye, waombolezaji walipokuwa wakila, Msusi alijipeleka uani kuosha vyombo, maana alihitaji mikono yake iwe na kazi. Fundi akamfuata pale bombani. Alikuwa hajamsemesha tangu siku ile.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja," akasema. "Nijibu kama kilivyo, usikipige pasi. Ile siku ulipokuja unakimbia. Ni kweli aliuomba uji wangu?"

Maji yalikuwa yanatiririka. Msusi alikwisha jiapia, siku alipomfumba Randa jicho, kwamba hatamdanganya tena mwenzake huyu maisha yake yote. Sasa ukweli ulikuwa mdomoni, na ulikuwa mwepesi kuusema: aliuomba, alilia, aliamini mmepatana, akakungoja mpaka mwisho. Angeusema, na jina lake lingesafishika. Akamtazama Fundi, macho yaliyovimba, shingo iliyokonda. Lile neno la kwanza, la baba, amelibeba miaka yote hii na limemla nusu. Hili la pili, kwamba baba alimngoja na yeye akakataa kupika, hatakuwa na wa kumdai alitengue. Litakuwa lake mwenyewe.

"Hapana," Msusi akasema. "Nilidanganya. Nilitaka tu mpatane."

Fundi alishusha pumzi. Mabega yake yakalegea, na kwa mara ya kwanza tangu pasi ile iunguze blauzi, uso wake ukafanana na wake wa zamani.

"Basi sikukosea kutopika," akasema.

"Hukukosea."

"Kesho njoo uchukue kioo chako na kiti. Chumba nitabaki nacho mimi."

"Sawa, dada," Msusi akasema, akainamia vyombo tena, maana ndani watu walikuwa bado wanakula na sahani zilikuwa zinahitajika.