Muguu Yenye Haisikie Moto

Mama Eness, jirani wa ng'ambo ya lupango, ile uzio ya nyumba, anasema aliona na macho yake: Papa Gustave alikanyanga makala ya moto pembeni ya tanuru ya samaki, akasimama palepale, akamaliza kwanza habari yake ya mvua, na hakuruka. Moshi ilitoka ku kisigino. Mama Eness akajua kama ule muzee wa Kongo iko na bwanga, dawa ya nguvu ya bankambo, wazee wa zamani, na mbele jua ishuke, Nchelenge yote, hapa Zambia pembeni ya ziwa, ilijua.

Papa Gustave hakukatala. Sifa ni tamu. Tangu ile siku hakuna mutu aligusa chisense zake, samaki wadogo wenye anaanikaka ku muchanga. Wengine wanalala pembeni ya samaki yabo. Yeye analala ku nyumba, kinywa wazi. Wageni wakitoka Chienge kununua samaki, Mama Eness anawaleta waone. Papa anavua sandale, anaweka muguu ku mbabula, jiko ya makala ya moto, anaomba chai. Na ile chai, sukari yake ni mpaka kijiko inasimama yenyewe.

Plamedie, mutoto yake wa mwisho, hasemake sana. Anaangaliaka. Aliona namna baba yake anamaliza ndoo ya mayi na kiu inabakia. Aliona sisimizi wanapanga mustari pale anakojoleaka. Aliona kidonda ya kisigino inakataa kupona. Na siku moja, akisafisha sandale, alikuta mwiba ya samaki imepita chini mpaka juu, na damu. Papa alikuwa ametembea nayo tangu asubui.

Akamuonyesha. Papa akacheka, akasema unaona sasa, hata miiba inaniogopa. Lakini alishika ile sandale, akaigeuza, akaigeuza tena.

Plamedie hakubishana naye. Alimwambia tu kama nesi Chomba wa kiliniki ya Kafutuma haamini ile habari, anasema ni bongo, uongo tu ya Mama Eness. Nesi hakuwa amesema kintu. Papa alikuwa tayari ku baiskeli mbele Plamedie amalize kufunga kitambaa ku kichwa.

Nesi Chomba akamwambia afunge macho, aseme kila mara akisikia uzi inagusa muguu. Papa akafunga macho na kiburi yote, akangoja. Akangoja.

"Anza basi, mama," akasema.

Nesi alikuwa amemaliza miguu yote mbili.

Kisha akamuchoma ku kidole ya mukono, tone moja ya damu, na Papa Gustave wa makala ya moto akalia sauti mpaka bamama wenye mimba wa inje wakakuja kuangalia nani anazaa.

Nesi akaeleza pole pole. Ni bugonjwa ya sukari. Sukari ikizidi ndani ya damu, inaua mishipa yenye inasikiaka maumivu, na ile ya damu inafinyana, damu inafika ku muguu kwa shida, njo maana kidonda haiponi. Inafuata macho, figo, moyo. Dawa kila siku, muguu kuangalia na kusafisha kila siku, bilatu pana, viatu ya kufunika muguu yote, kila wakati. Akiendelea na makala, muguu itakatwa.

"Hata mbele ya wageni?" Papa akauliza.

"Mbele ya wageni njo itakatwa mbio."

Bilatu yake pana ya kuendea ku kanisa, Plamedie alikuwa ameibeba tangu asubui ndani ya mufuko. Papa akavaa, hakumuangalia.

Walipofika karibu na nyumba, wakaona mbabula imewashwa, wageni wamekaa, Mama Eness anasimamia. Papa akashika mukono ya Plamedie.

"Mutoto yangu, chai nitakunywa bila sukari. Dawa nitameza. Bilatu sitavua. Weye uwaambie tu kama ni bwanga mupya, inakataza kuonyesha muguu."

Lakini Mama Eness alikuwa anakuja, na nyuma yake bwana yake Morgan, anaruka na muguu moja. Ingine ilifungwa na majani. Asubui ile alikunywa chai ya sukari mpaka kijiko ikasimama, kisha akakanyanga makala, ajaribu kama ile sukari njo inaleta bwanga.

"Umenisikia, Plamedie?" Papa akasema chini chini. "Uwaambie ni bwanga."

Plamedie aliangalia kisigino ya Morgan, akaangalia bilatu ya baba yake, akaegemesha baiskeli ku ukuta, akaenda kuwaambia wageni kama haiko bwanga, ni bugonjwa.