Aliyemalizia Jina la Jailos

Pale Uyole, kwenye banda la video nyuma ya soko, Jailos hakuwa na mpinzani. Kipaza sauti mkononi, sauti ya filamu kaizima, anawasemea wote kwa Kiswahili: polisi, jambazi, bibi harusi. Hakujikwaa hata mara moja. Lakini muulize jina lake nje ya banda, utasimama hapo hadi lori limalize kupakia viazi. Alikuwa na kigugumizi tangu utoto, na kibaya zaidi kilimkaba kwenye jina lake mwenyewe.

Aliyemwokoa siku zote alikuwa baba yake, mzee Edmund, fundi cherehani wa Ipogolo, Iringa. Shuleni, hospitalini, kanisani, Jailos akikwama, baba alisimama kulia kwake na kusubiri. Akasubiri tena. Kisha akamalizia taratibu, "Jailos. Ni mwanangu huyu," wala hakuona haya.

Wiki ile bandani ilikuja filamu ya mfalme wa zamani mwenye kigugumizi, aliyetakiwa kuwahutubia raia wake. Jailos alimsemea kwa kigugumizi chake mwenyewe, bila kuigiza, na watu wakacheka hadi kushika mbavu. Mwishoni mfalme alihutubia kwa sauti nzito, bila kukwama, akamaliza; banda zima likapiga makofi, na video ya Jailos akimsemea ikasambaa kwenye simu. Na Jailos, maskini, akaamini kwamba naye ataweza.

Siku tatu baadaye dada yake Mercy alipiga simu. Baba amefariki. Jailos akarudi Ipogolo kuzika.

Kwa desturi ya ukoo wao, historia ya marehemu husomwa kaburini kabla jeneza halijashushwa, na msomaji ni mtoto wa kiume wa kwanza. Baba mdogo Fanueli alitaka karatasi apewe mwingine.

"Watu wametoka mbali, Jailos. Usituaibishe."

"Ni-ni-nitasoma mimi. Ni ba-baba yangu."

Kaburini, sentensi ya kwanza tu ikamkaba. Waombolezaji wakatazama viatu vyao. Kwa hofu Jailos akakimbilia alikozoea: akachukua sauti ya mfalme, ile nzito ya bandani, na maneno yakamiminika. Mzee Edmund alizaliwa, alibatizwa, alishona sare za shule miaka arobaini. Huku nyuma watu wakaanza kubana vicheko, maana sauti ile waliijua kwenye simu zao.

Mama yake, Tusajigwe, akainua uso kutoka kwenye kitenge.

"Mwanangu," akasema, "huyo anayesoma, baba yako hamjui."

Aibu ilimchoma Jailos. Akaiacha sauti ile, akasoma kwa yake, neno kwa neno, jasho likimtiririka na upepo unavuma. Mchungaji alitazama saa. Waliokuwa na safari wakaanza kuondoka. Hakujali, ulibaki mstari mmoja.

"Ameacha mjane na wa-watoto wawili, Me-Mercy na J... J..."

Kwa mazoea akageuka kulia, akasubiri. Hapakuwa na mtu, ila chepe lililochomekwa kwenye udongo.

"Jailos!" akamalizia baba mdogo Fanueli, harakaharaka. "Haya, shusheni."

Kamba zikalegezwa. Jailos alibaki mdomo wazi, jina lingali kooni, hadi jeneza lilipogusa chini. Ndipo akalia, na kilio hakikukwama hata kidogo.