Ineza Achagua Kiswahili

Nina ugonjwa mmoja ambao chuo cha uuguzi hakikuutibu: natafsiri. Nimezaliwa Kanazi, Kihangaza ndiyo lugha yangu, Kirundi, kilicho ndugu yake, hakinipi shida, na mtu akisema Kiswahili mbele ya bibi asiyekijua, mdomo wangu unaanza kazi kabla sijaombwa. Mume wangu Gervasi husema hata mahubiri ya redio namtafsiria mama yake, naye mama wa watu kashalala.

Kituo chetu cha afya kipo mbele kidogo ya Lusahunga, malori ya mpakani Rusumo yakipita dirishani. Chumba cha ushauri ni changu. Ineza, fundi cherehani wa miaka ishirini na sita kutoka Nemba, alianza kuja kwangu baada ya kubakwa na mtu aliyekuwa akimwamini. Dawa alikuwa amemaliza, jalada liko polisi. Huko kote alijibu maswali tu. Hakuwahi kulisema jambo lile lote mwenyewe, kwa hiari yake, na lilimkaa kifuani.

Zamani ningemvuta kwa maswali. Nilikuwa mkali, nikidhani ukali ndio msaada. Siku hizi tunafundishwa kwamba aliyenyang'anywa uamuzi arudishiwe uamuzi, hata ulio mdogo. Basi nilimuuliza anataka kukaa wapi, mlango uwe wazi au ufungwe, azungumze au anyamaze. Mara tano alichagua kunyamaza. Alishona vifungo vya sare za shule, mimi nikauma ulimi. Msifikiri ilikuwa rahisi.

Mara ya sita alikuja na mama yake, Uwimana, mkulima ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye bei ya maharage. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaketi karibu na binti yake.

"Sista, leo nitasema," Ineza akaniambia. "Nataka mama anishike mkono. Ila nitasema kwa Kiswahili."

"Kwa nini Kiswahili?" Swali likanitoka, na "kwa nini" ndilo neno tulilokatazwa kuliko yote.

Hakukasirika. "Kirundi ndiyo lugha mama aliyonilelea. Sitaki maneno haya yaingie humo. Na sitaki ayabebe. Nataka awepo tu."

Akaanza. Alisema polepole, kama mwanafunzi anayejibu swali darasani, macho yake mlangoni. Mama alimshika mkono bila kuelewa kitu. Alipofika pale pagumu kabisa, machozi yalimtoka mama kwa kuuona tu uso wa mwanawe. Nikamwonea huruma, nikamgeukia nikasema kwa Kirundi, "Mama, anasema kwamba siku ile…"

Ineza akanyamaza. Akauvuta mkono wake. Nilitamani ardhi inimeze. Jambo moja tu alikuwa ameniomba, na hilo moja nilikuwa nimelivunja.

Uwimana akaniangalia kwa upole nisioustahili.

"Yaache hayo, binti yangu," akasema kwa Kirundi. "Ni ya kwake. Mimi sikuja kusikia, nimekuja kukaa naye."

Kisha akauweka mkono wake mezani, kiganja juu, akangoja.

Nikaomba radhi. Nikamwambia Ineza anaweza kuendelea, kuahirisha, au kunitoa mimi nje. Hilo la mwisho alilifikiria vizuri, nilimwona. Halafu akaurudisha mkono wake katika ule wa mama, akaendelea pale alipoachia mpaka mwisho. Zilipita dakika ishirini, na sikufungua mdomo. Gervasi hataamini.

Alipomaliza, alikuwa amelowa jasho na mabega yameshuka. Nilifurahi, nasema kweli, furaha ya kutaka kucheka kanisani. Nikadhani sasa atainuka waende zao. Badala yake akamgeukia mama yake na kusema kwa lugha yao, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mama, si ikosa ryanje."

Si kosa langu. Katika yote aliyoyasema siku ile, hilo tu ndilo alilotaka liingie kwenye Kirundi.

"Ndabizi," mama akajibu. Najua. Akamwambia alijua tangu siku ya kwanza, alikuwa anamngoja yeye ajue.